Maswali ya wasomaji: Katoka wodini, mbona bado hajakaa sawa?

Wasomaji wangu salaam. Meseji za safari hii zimetoka zaidi Kigoma na Tabora, na ukizisoma kwa pamoja unaona karibu wote wanauliza kitu kimoja kwa njia tofauti: mgonjwa wetu alilazwa kwa corona, sasa tutarajie nini. Najua wapo watakaosema corona si ilishaisha. Jamani haikuisha, kilichofungwa tarehe 5 Mei 2023 ni ile hali ya dharura ya dunia iliyotangazwa na Shirika la Afya Duniani, kirusi chenyewe kipo na bado kinalaza watu hasa wazee na wenye maradhi mengine, na wapo walioumwa 2020 na 2021 ambao miili yao haijarudi kama zamani. Meseji ndefu nimezifupisha na majina nimeyatoa.

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika kutoka Ujiji. Mume wangu ana miaka 58, anafanya biashara ya samaki, anapokea migebuka na dagaa mwaloni anasafirisha. Alilazwa wiki tatu kwa corona, akawekwa oksijeni, kuna siku alikuwa mbaya mpaka ndugu wa mbali wakaitwa. Mungu mkubwa akapewa ruhusa. Sasa ni mwezi wa pili yupo nyumbani ila si yule, akitoka chumbani mpaka uani anahema, msikitini kwa miguu hawezi, miguu anasema kama si yake, usiku halali. Majirani wanasema hospitali wamemrudisha afie kwake. Nina watoto na biashara imesimama. Naomba ukweli, huyu atarudi kazini?

JIBU: Marahaba dada yangu, pole sana na kuuguza. Hao majirani usiwape sikio. Hospitali inampa mtu ruhusa pale anapoweza kukaa bila oksijeni ya mtungi na damu yake ikabaki na hewa ya kutosha, homa imekata, anakula, anakwenda chooni. Basi. Hawasubiri mpaka aweze kubeba gunia la dagaa. Kwahiyo kuruhusiwa ni jambo moja na kupona ni jambo lingine, hapo katikati pana miezi, na natamani kila familia iambiwe hivi wakati inapokea karatasi ya ruhusa maana wengi hawaambiwi, wanaondoka wakidhani wiki ijayo mzee yuko kazini na akichelewa wanaanza kutafuta mchawi.

Kilichotokea ndani ni hivi. Corona ikishuka mapafuni inavimbisha vile vifuko vidogo vidogo ambavyo hewa inapitia kuingia kwenye damu, vinajaa majimaji, hewa inakosa pa kupita. Mapafu yake saivi ni kama nyumba iliyoingiliwa na maji ya ziwa, maji yameshatoka lakini kuta zinakaa na unyevu muda mrefu. Halafu kuna misuli, hii watu hawaifikirii kabisa. Mtu mzima akilala kitandani wiki nzima na homa juu na chakula hakipiti, mwili unaanza kujila wenyewe, misuli ya mapaja inapungua ndani ya siku chache tu, na ile dawa ya deksamethazoni wanayopewa walio kwenye oksijeni inaokoa maisha lakini na yenyewe inachangia kulegeza misuli. Ndo maana anakwambia miguu kama si yake. Anasema kweli, wala si uvivu.

Sasa swali lako la kazi. Kule Wuhan, China, ugonjwa ulikogundulika kwanza Desemba 2019, waliwafuatilia watu 1,276 waliotoka hospitali wakiwa hai. Baada ya miezi 6 asilimia 68 walikuwa bado na dalili moja au zaidi, baada ya mwaka asilimia 49. Uchovu na kuishiwa nguvu za misuli ulishuka kutoka asilimia 52 mpaka 20. Na hii ndo ya kwako dada: kati ya waliokuwa na kazi kabla ya kuumwa, asilimia 88 walikuwa wamerudi kwenye kazi yao ileile mwaka ulipotimia. Sikufichi kwamba kuhema hakukushuka namna hiyo, kulitoka asilimia 26 kukafika 30, kwahiyo wapo wanaorudi kazini huku kifua bado kinawasumbua. Lakini mwezi wa pili ni mapema mno kumkatia tamaa mtu.

Nyumbani fanyeni hivi. Atembee kila siku lakini kidogo, leo mpaka mlango wa uani, keshokutwa mpaka kwa jirani, akianza kushindwa kuongea huku anatembea asimame. Apumzike kabla hajachoka, sio baada. Akiamka hoi kuliko jana mjue jana alizidisha, mrudi nyuma hatua moja. Kuhema kukimshika akae kwenye kiti, ainame mbele kidogo viwiko viwe juu ya magoti, avute hewa kwa pua aitoe taratibu kwa mdomo akiwa ameibana midomo kidogo. Swala aswali ameketi, dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo. Kuoga aogee amekaa kwenye kigoda. Chakula nyie mmebarikiwa huko, dagaa, migebuka, mayai, maharage, karanga, ndivyo vinavyojenga misuli, mpe kidogo kidogo mara nyingi kuliko sahani moja kubwa inayomshinda. Mpimeni na sukari hata kama hajawahi kuwa nayo maana ile deksamethazoni huipandisha, na kama alikuwa na dawa za presha asiziache. Ikifika miezi 3 tangu aumwe na bado anahema hivyo, mrudisheni hospitali ya mkoa pale Maweni apigwe picha ya kifua na moyo uangaliwe.

Ila kuna vitu havisubiri miezi wala kesho. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, maumivu makali ya kifua yaliyokuja ghafla, kukohoa damu, kuhema kulikozidi ghafla wakati alishaanza kupata nafuu, mdomo kwenda upande au mkono kukosa nguvu, midomo kuwa ya bluu, kuchanganyikiwa. Corona inagandisha damu na hatari hiyo inaendelea wiki kadhaa baada ya kutoka wodini, hapo ni kukodi usafiri usiku huohuo.

Biashara aianze akiwa amekaa. Ashike daftari na simu, ahesabu mzigo, vijana wabebe. Kwenda mwaloni alfajiri na ule upepo na kubeba kuje baadaye sana. Na wewe dada pumzika, tafuta hata ndugu mmoja akupokee usiku, maana mwuguzaji akianguka nyumba nzima inalala.

SWALI: Mwangaluka dokta, mimi ni kijana nipo Isevya, Tabora mjini. Mama yangu ana miaka 66 ana presha na sukari, tulimpeleka hospitali anakohoa siku ya 7, wakambana kile kidude cha kidoleni ikasoma 84, wakasema hali yake mbaya anahitaji oksijeni. Mbona alikuwa anaongea vizuri tu anacheka na sisi anasema haumwi? Shangazi amekataa asiwekwe oksijeni anasema wote waliowekwa mwaka 2021 pale mtaani hawakurudi. Tufanyeje?

JIBU: Mwangaluka mdogo wangu. Awekwe, tena sasa hivi, na kama bado mnabishana unaposoma hapa acheni kubishana.

Kidude hicho kinapima asilimia ya hewa ya oksijeni kwenye damu, mtu mzima mwenye afya kinamsoma 95 mpaka 100. Chini ya 90 Shirika la Afya Duniani linahesabu ugonjwa mkali, mama yupo 84. Huko kucheka na kuongea ndo moja ya mambo ya ajabu ya ugonjwa huu na imewaua wengi, hewa kwenye damu inashuka taratibu na mgonjwa hahisi kuzama, anakwambia niko poa huku moyo, figo na ubongo vinafanya kazi kwa hewa pungufu, akija kuhisi ameshachelewa. Kwahiyo usimwulize tu mama unajisikiaje, angalia namba, na hesabu pumzi zake akiwa ametulia bila kujua unamhesabia, kifua kikipanda zaidi ya mara 30 kwa dakika moja hiyo ni hatari hata kama anacheka. Angalia pia kama anamaliza sentensi bila kukata pumzi.

Tena hicho kidude kinaweza kusema uongo na mara nyingi uongo wake ni wa kumpamba mgonjwa. Mwaka 2020 watafiti Marekani walionesha kwamba kwa watu weusi kinapitwa na upungufu wa hewa karibu mara 3 zaidi kuliko kwa weupe. Kwahiyo kikisema 92 na mgonjwa unamwona kabisa hayuko sawa, mwamini mgonjwa. Kama mama ana piko au rangi ya kucha tumieni kidole kisichopakwa, na kidole kikiwa cha baridi kipasheni moto kwanza.

Kuhusu shangazi namwelewa, hakuzua, aliona kwa macho yake majeneza. Lakini waliopelekwa kipindi kile wengi walifika wameshachoka kabisa, walishajifukiza wiki nzima nyumbani, walishaficha, wengine mtungi wenyewe ulikuwa wa kugombania. Kifo kilikuja kwa sababu ya kuchelewa, na oksijeni ikaonekana ndo iliyowamaliza kwa kuwa ndo kitu cha mwisho ndugu walichokiona usoni mwao. Mwelezeni pia kuna oksijeni ya mpira wa puani au ya barakoa, mgonjwa yuko macho anaongea anakunywa uji, na kuna mashine ya kupumulia ambayo mgonjwa analazwa usingizi anaingizwa mpira kooni. Ni vitu viwili tofauti. Wengi wanaoanza na ya puani mapema hawafiki huko kwingine.

Muulizeni nesi kama mama anaweza kulala kifudifudi kwa saa kadhaa, ikishindikana alale ubavu na wambadilishe. Wagonjwa wengi namba yao inapanda wakilala hivyo kwa sababu sehemu ya nyuma ya mapafu inafunguka. Hapo ndugu mnaweza kusaidia kumgeuza na kumwekea mito, na wasijisahau kumpima sukari kila siku kwa sababu ya ile dawa niliyomwambia dada wa Ujiji.

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Kasulu. Sitaki maneno ya kutiana moyo, nataka hesabu. Mtu akilazwa kwa corona uwezekano wa kutoka ni kiasi gani?

JIBU: Mwalimu nakupa, ila nitakuomba uangalie kila namba ilitoka wapi na mwaka gani, maana watu wanachukua namba ya Ulaya ya 2020 wanamtishia nayo mgonjwa wa leo.

Mwanzoni kabisa, kabla ya chanjo, Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema kati ya wote wanaopata dalili karibu asilimia 80 wanapona bila kulazwa, 15 wanaumwa vya kuhitaji oksijeni, 5 wanakuwa mahututi. Walioingia wodini ndo hao 20 wa mwisho. Uingereza walikusanya taarifa za wagonjwa 20,133 waliolazwa kati ya Februari na Aprili 2020, umri wa katikati ulikuwa miaka 73, na siku wanahesabu asilimia 41 walikuwa wameruhusiwa, 26 wamefariki, waliobaki bado wanatibiwa. Barani kwetu kuna utafiti wa hospitali 64 katika nchi 10, Kenya, Malawi na Msumbiji zikiwemo, wenyewe uliangalia mahututi tu, kuanzia Mei mpaka Desemba 2020: asilimia 48 walifariki ndani ya siku 30. Wastani wa dunia kwa mahututi wa aina hiyo ulikuwa kama 31 na nusu. Hiyo tofauti iliniuma na inaniuma mpaka leo mwalimu, maana sehemu kubwa ni ya vitanda, mitungi, mashine za figo na watu wa kuziendesha, wala si kwamba miili yetu ni dhaifu.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Juni 2020 Waingereza walitangaza kwamba deksamethazoni, dawa ya bei ya chini ambayo ipo miaka mingi, miligramu 6 kwa siku mpaka siku 10, inapunguza vifo: kwa walio kwenye mashine ya kupumulia kutoka asilimia 41 hadi 29, kwa walio kwenye oksijeni tu kutoka 26 hadi 23. Zikaja dawa za kuzuia damu kuganda, zikaja chanjo, kwetu zilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Leo watu wengi wameshakutana na kirusi au chanjo, kwahiyo anayelazwa sasa ana nafasi nzuri kuliko yule wa 2020.

Lakini wastani haulali kitandani, anayelala ni mtu. Ukitaka kujua wa kwako ana nafasi gani angalia umri kwanza, huo ndo mzito kuliko vyote. Halafu sukari, presha, moyo, figo, unene uliopitiliza, kifua kikuu, VVU ambayo haijadhibitiwa kwa dawa. Halafu alifika na hewa kiasi gani. Kijana wa miaka 30 aliyelazwa na 91 akawekewa oksijeni siku hiyohiyo na mzee wa 75 mwenye figo aliyeletwa na 70 hawawezi kupewa hesabu moja. Na ratiba yake kwa kawaida inakwenda hivi, dalili zinaanza siku 5 au 6 tangu aambukizwe ingawa inaweza kufika 14, kifua kinabana kwenye siku ya 8 hivi tangu dalili zianze, kuanzia hapo mpaka siku ya 12 ndo kipindi cha kushika roho. Akivuka hapo akiwa anaongeza hewa badala ya kupunguza, kwa kawaida anaelekea pazuri ingawa taratibu.

SWALI: Niko Kibondo. Mwanangu wa miaka 24 alianza homa, kuumwa kichwa na viungo, dukani wakampima ikaonesha malaria akameza dawa mseto siku 3 kamaliza. Leo siku ya 6 homa inarudi na anakohoa kikavu. Ni malaria sugu au corona?

JIBU: Ndugu yangu wa Kibondo, tatizo la mikoa yetu hii ni kwamba tupo kati ya inayoongoza kwa malaria Tanzania, kwahiyo kila homa inapewa jina hilo na jina likishapatikana hakuna anayetafuta la pili. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja. Tena kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinaweza kuendelea kuonesha malaria wiki kadhaa baada ya vijidudu kufa, kwahiyo kumpima tena kwa kipimo kilekile hakutakusaidia, aende kituo chenye darubini.

Dawa mseto ikinywewa sawasawa homa inatakiwa iwe imekata baada ya siku 3. Ikirudi na kikohozi kikavu usinunue dozi nyingine, usirukie sindano za masaa. Corona inaanza hivyohivyo kama malaria, homa, viungo, kichwa, uchovu, wengine wanaharisha, wengine wanapoteza harufu. Na usiseme hana homa basi si corona. Wachina walipoangalia wagonjwa 1,099 waliolazwa, waliofika mlangoni na homa walikuwa asilimia 44 tu, ikaja kuwapata wengine wakiwa ndani wakafika karibu 89. Kikohozi asilimia 68.

Yupo siku ya 6 kwahiyo siku mbili tatu zinazokuja ndo za kumwangalia kwa karibu. Umri wake unamlinda lakini mhesabie pumzi kama nilivyomwambia kijana wa Isevya, asubuhi na jioni, na mpeleke akapimwe kifua na damu. Inaweza kuwa hata nimonia nyingine kabisa yenye dawa yake.

SWALI: Nzega hapa. Nilipata corona nikaenda duka la dawa wakanipa deksa vidonge na azitro, wakasema ndo wanazopewa waliolazwa. Nimeze?

JIBU: Usimeze. Deksa, yaani ile deksamethazoni, inamsaidia aliye kwenye oksijeni kwa kuwa inatuliza ule uvimbe wa mapafu wa wiki ya pili, wewe uliye nyumbani unapumua vizuri bado mwili wako unapigana na kirusi na dawa hii inaulegeza. Utafiti uleule wa Uingereza wa dawa hii haukuona faida yoyote kwa wasiohitaji oksijeni. Itakupandishia sukari, na kama una kifua kikuu kilicholala inaweza kukiamsha. Azitro ni ya bakteria na corona ni kirusi. Kunywa maji ya kutosha, parasetamo ya homa, pumzika, jichunguze pumzi. Kujifukiza kukikupa nafuu ya pua sikuzuii ila hakutibu mapafu, na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi limeunguza watu vibaya. Mwenye duka anayekupa deksa bila kukuuliza hata una sukari au la anakuhatarisha, hilo nalisema wazi.

SWALI: Naitwa binti wa mzee mmoja hapa Mwanga, Kigoma. Baba alikaa ICU, wodi ya mahututi, kwa corona. Akiwa kule alikuwa anasema kuna watu wamekaa juu ya dari wanataka kumfunga, manesi wanampa sumu. Ametoka, mwili unaendelea vizuri ila usiku anashtuka anapiga kelele, mchana analia, hataki mlango ufungwe. Familia wanasema karogwa, wanataka kumpeleka kwa mganga ng'ambo ya ziwa. Mimi nimechanganyikiwa.

JIBU: Binti yangu pole sana, na asante kwa kuandika maana familia nyingi zinaficha hili kwa aibu.

Kinachomtokea baba kinajulikana vizuri hospitalini na kinawapata wagonjwa wengi sana wa ICU, wa corona wakiwa mbele zaidi. Ubongo ulikosa hewa, homa ilikuwa juu, alipewa dawa za usingizi, taa inawaka usiku na mchana hajui saa ngapi, mashine zinalia, na kila anayemkaribia amefunikwa uso mzima yanaonekana macho tu, ndugu hata mmoja haruhusiwi kuingia. Ubongo ukiwa hoi namna hiyo unatengeneza hadithi yake mwenyewe ili uelewe kinachoendelea. Kamba za kumfunga pengine zilikuwa kweli, wagonjwa wengine hufungwa mikono wasichomoe mipira. Sumu inawezekana ilikuwa sindano. Kwahiyo baba hakutunga, alikuwa na hofu ya kweli, na hofu ile imebaki mwilini inamrudia usiku.

Msimbishie na msimcheke. Akianza kusimulia msikilizeni mpaka mwisho, halafu mmweleze taratibu siku ile ilikuwaje, ulikuwa hospitali, sisi tulikuwa nje kwenye mti tunasubiri, yule aliyekuchoma sindano ni nesi. Kama mna picha za kipindi kile au mtu aliyemhudumia anaweza kuongea naye kwenye simu, inasaidia mno kuunganisha vipande. Mchana akae kwenye mwanga na watu, asilale sana, usiku taa ndogo iwake na mtu alale naye chumbani, mlango uacheni wazi kama anavyotaka. Dua na maombi endeleeni. Ila safari ya ng'ambo ya ziwa kwa mtu ambaye mapafu yake bado hayajakaa, akakutane na kufungiwa ndani na kupewa dawa zisizojulikana, naiogopa kwa kweli, itamrudisha kulekule alikotoka. Mpelekeni hospitali ya mkoa muulizie huduma ya afya ya akili, ipo na wanatibu hali hii kwa mazungumzo na wakati mwingine kwa dawa. Akianza kusema bora ningekufa au akikataa kula kabisa, hiyo ni ya siku hiyohiyo.

Na kama baada ya miezi kadhaa utaona anasahau sana, anapoteza hesabu alizokuwa anazijua, mwambieni daktari pia. Ni sehemu ya ugonjwa huuhuu na kwa wengi inapungua kadri muda unavyokwenda.

SWALI: Mkulima wa tumbaku, Urambo. Corona ilinilaza mwezi wa kwanza, sasa ni mwezi wa tatu bado nakohoa, usiku natoka jasho na suruali zinanivuka. Wananiambia ni mabaki ya corona.

JIBU: Kaka, kikohozi cha corona kinaweza kuburuta wiki nyingi ni kweli, na moshi wa kwenye bani la kukaushia tumbaku unakizidisha, kwahiyo kaa mbali nalo msimu huu. Lakini kukohoa zaidi ya wiki 2, jasho la usiku na kupungua uzito ni dalili za kifua kikuu mpaka ipimwe ionekane sicho. Pengine umepewa dawa za kushusha kinga ulipokuwa wodini kikapata nafasi. Nenda kituo cha afya kesho utoe makohozi, kipimo na dawa ni bure nchi nzima, ulale na dirisha wazi na watoto wasilale chumba kimoja na wewe mpaka majibu yatoke.

SWALI: Dokta nipo Sikonge, ni mwezi wa tatu tangu nitoke hospitali na nywele zinatoka kwa mafungu kila nikichana. Halafu kitunguu kikikaangwa nasikia harufu ya kitu kilichooza, siwezi kula. Nitabaki hivi?

JIBU: Hapana mdogo wangu. Nywele kukatika miezi 2 au 3 baada ya homa kali ni kawaida, hata baada ya uzazi au malaria kali hutokea, mizizi haijafa na zinaota tena ndani ya miezi kadhaa. Zisuke kwa kulegeza, acha dawa za kunyoosha kwa sasa. Harufu inapogeuka mbaya mara nyingi inamaanisha neva za pua zimeanza kuota upya na bado hazijajua kazi, inaudhi lakini kwa wengi inaisha, ingawa inaweza kuchukua mwaka. Nusa vitu vinne vyenye harufu unazozikumbuka, mfano limao, karafuu, tangawizi, asali yenu ya Sikonge, kila kimoja sekunde 20 asubuhi na jioni, kwa miezi bila kuacha. Chakula kiwe cha uvuguvugu au baridi, mvuke ndo unaobeba harufu, na vitunguu wapikie wengine kwenye chungu chao.

SWALI: Nimetoka wodini wiki ya tatu sasa tangu nianze kuumwa, nimepimwa tena kipimo cha kijiti cha puani kimetoka kina corona. Nina mtoto wa mwaka mmoja anayenyonya, bado nimtenge? Niko Kaliua.

JIBU: Mama Kaliua, kipimo kikubwa cha maabara kinaokota hata vipande vya kirusi kilichokufa na kinaweza kuonesha hivyo wiki nyingi. Mwenye ugonjwa wa kawaida kwa sehemu kubwa haambukizi tena baada ya siku 10 tangu dalili zianze, aliyelazwa hali mbaya tunampa mpaka siku 20. Hesabu siku zako, ukishazivuka hizo 20 na huna homa mchukue mtoto wako. Kunyonyesha hukutakiwa kuacha hata ulipokuwa mgonjwa, kirusi hakionekani kupita kwenye maziwa na kinga yako inapita. Kama maziwa yamepungua mweke kifuani mara nyingi usiku na mchana, kunywa uji, yatarudi, na ukichoka nyonyesha umelala ubavu.